Zamu Iliyohama

Dada yangu alikuwa fundi cherehani. Mtaa mzima ulimwita Sindano, kwa sababu alikuwa mwembamba na ulimi wake ulichoma. Tulimzika Jumamosi. Nawaandikia wanajumuiya wenzangu, ingawa akili yangu haijatulia.

Wengi mnaujua utaratibu wetu. Kila Alhamisi tunakwenda nyumba moja, kwa zamu. Mwenye nyumba anakaa kitini, haruhusiwi kugusa kitu. Sisi tunafua, tunadeki, tunachota maji, kisha tunasali. Kwa miaka kumi na moja Dada hakukosa, na siku zote alichukua kazi ya kusugua choo. "Niachieni mimi," alisema, "ninyi mna pua za kitajiri."

Lakini zamu yake ikikaribia, ilihama. Mara ana nguo za harusi za kumalizia, mara amempisha mama aliyejifungua. Tukamsifu kwa kujishusha. Hakuna aliyegundua kwamba hatujawahi kukanyaga chumbani kwake.

Alipougua nilihamia kwake kumuuguza. Alhamisi ya kwanza mwenyekiti wetu, yule mwashi, akaja na kina mama wawili na mabeseni. Dada akaninong'oneza, "Mdogo wangu, waambie nimelala. Mashuka haya wayaone wao?" Nikawaambia amelala. Alhamisi ya pili vilevile. Ya tatu, Mwashi akacheka kidogo: "Huyu Sindano atalala mpaka parapanda." Ya nne ilikuta ameshafariki.

Tangu hapo sielewi. Nilimtii dada yangu mkubwa, au niliwanyima ndugu zake wa jumuiya nafasi ya kumtunza? Mtu aliyesugua vyoo vyetu alituonea haya gani? Labda unyenyekevu wake ulikuwa wa upande mmoja. Nikifikiri hivyo naona namsengenya maiti, naanza kutubu, katikati ya toba nasahau natubu nini.

Jana wakabisha hodi tena. Nikafungua mlango nusu.

"Tumekuja kufua," alisema Mwashi.

Mashuka yalikuwa bado yamerundikwa pembeni. Nikiwaruhusu, namwanika marehemu. Nikiwazuia, nitabaki mle peke yangu kama yeye.

"Yananuka," nikasema.

"Tumemzika kwa mikono hii, tutashindwa na harufu?" Mama muuza mkaa, mmoja wa wale wawili, alinipita na beseni lake. "Kaa kitini, bibie. Usituletee ya dada yako."

Nikakaa. Mwashi akapiga magoti, mikono yake iliyokakamaa kwa saruji ikazama kwenye povu, akafua mashuka ya dada yangu polepole kama anayeogopa kuyaumiza. Nililia, kisha nikacheka, sijui kwa lipi. Mpaka sasa sijui kama nilimsaliti.

Mama muuza mkaa akaninyooshea mkono uliolowa. "Na hicho kitambaa cha kichwa. Tangu mazishi hujakivua."

Nikakivua, nikampa.