Nimemdanganya Bibi Esta kuhusu fidla ya baba yake

Jamani, leo nimemdanganya bibi wa watu, na roho inaniuma.

Ni Bibi Esta, yule Myahudi wa miaka themanini na kitu ninayemhudumia nyumbani kwake Tottenham, London. Baba yake alikuwa akipiga fidla kwenye harusi huko Poland, muziki ambao wenyewe wanauita klezmer. Vita vikammaliza yeye na bendi nzima.

Kilichobaki ni santuri moja waliyorekodi. Bibi hajaisikia tangu usichana wake, maana hakuwa na cha kuipigia.

Basi leo nikaenda na gramafoni niliyoazima kwa jirani.

Ikakwaruza kwanza, halafu klarineti, ile filimbi yao ndefu nyeusi, ikapanda juu. Mimi nikaanza kutikisa mabega. Harusi kabisa!

Kumbe mwenzangu kainamisha kichwa, anatafuta.

"Rehema, fidla iko wapi?"

Klarineti ilikuwa imefunika kila kitu. Tukairudia mara tatu. Mara ya mwisho alisogeza sikio hadi kwenye pembe ya gramafoni.

"Baba hayumo," akasema polepole.

Nikashindwa kuvumilia. Nikamwambia, "Yumo, bibi. Mimi namsikia, pale nyuma."

(Wallahi sikusikia kitu.)

Akanishika mkono akalia sana.

Nikadhani yameisha. Navaa koti niondoke, akaniita.

"Kesho ukija, unioneshe ni pale wapi hasa."

Zamu yangu kesho inaanza saa tatu asubuhi. Ingekuwa nyinyi, mngemwambia nini?