Viluwiluwi Vilivyokataa Kufa

Nimefika nyumbani nikajifanya naumwa na kichwa ili nisiulizwe, kwa sababu aibu ya leo siwezi kuieleza kwa mdomo, acha niiandike.

Leo kulikuwa na mashindano ya kongamano la sayansi, kwa shule fulani hapa Machakos mjini. Mimi na Mumbua tulipeleka dawa ya majani ya mwarubaini ya kuua viluwiluwi vya mbu (yeye ni wa kuongea, mimi ni wa kuchemsha). Kwa maabara yetu ilikuwa inaua vibaya: unamimina asubuhi, ikifika saa ya chai vyote vimelala chini. Shule yetu haijawahi kupita kwenda mkoa, na Bwana Nzioka, mwalimu wetu wa baiolojia, alikuwa ameshamwambia mkuu wa shule kwamba mwaka huu tunaenda.

Jaji, mama mmoja mwenye sauti ya chini, akaisukuma chupa yetu kando. "Hii ya kubeba sitaki. Chemsheni hapa, kwa vyombo na maji ya wenyeji."

"Hakuna shida, madam," nikasema, mimi ambaye huwa siongei! Mumbua mwenyewe aligeuka kuniangalia.

Nikachemsha, nikapoza, nikamimina kwa bakuli la viluwiluwi. Jaji akaenda kwa wengine, akarudi, vilikuwa vinacheza. Nikaongeza dawa. Vikacheza zaidi.

"Aiii, hiyo ni dawa ama ni uji?" kijana wa wenyeji akauliza. "Mbona zinanenepa?"

"Vinachelewa tu kidogo," nikasema, jasho likinitoka, nikamimina yote iliyobaki, maji yakawa meusi hata hatuoni ndani. Jaji akachota na kijiko cheupe. Kiluwiluwi kimoja kikajinyonganyonga hapo mbele ya watu wote, na maabara nzima ikaangua kicheko. Bwana Nzioka aliangalia dirisha.

"Kwenu mlichemsha na maji gani?" jaji akauliza.

"Ya kisima, madam."

"Ya chumvi?"

"Ya chumvi. Ya mvua ni ya chai na kunywa, ukichemshia majani mpishi atakufukuza."

"Na viluwiluwi ambavyo hamkuwekea dawa, vilikaa kwa maji gani?"

"Ya mvua, madam. Tulivitoa nayo kwa pipa."

"Hapa pia ni ya mvua. Sasa kule kwenu, kilichoua ni majani ama ni chumvi?"

Mumbua akanifinya. "Jibu, si wewe ndiye ulichemsha?"

"Sijui, madam."

Akaandika kitu, akasonga meza ya pili. Washindi wa kwenda mkoa waliposomwa, hatukuitwa.

Naapa sitaita tena kitu dawa kabla mtu wa shule nyingine hajakijaribu kwa maji yake, mimi nikiwa mbali. Na kama kuna maji ya aina mbili, nitatumia ya aina moja kila mahali, mpishi anifukuze akitaka. Jumatatu paredi, mkuu amesema niieleze shule nzima matokeo.