Matairi ya Kumbeba Mama Mkwe

Mimi nina kiburi cha gari, na sioni haja ya kuficha. Gari langu dogo la kijivu lilipofika kutoka Japani, lilikuwa na rimu za chuma zilizofunikwa kwa plastiki, na mimi nilizitazama wiki nzima kama mtu aliyetarajia pilau akaletewa uji. Nikaziondoa. Nikaweka rimu nyeusi za inchi kumi na saba pamoja na matairi yenye ukuta mfupi, yale ambayo mpira wake ni ukanda tu kuzunguka rimu. Nikipita sokoni Migori vijana walikuwa wakigeuka kutazama, nami nilipunguza mwendo ili wapate nafasi ya kutosha.

Kisha mama mkwe wangu akateleza mlangoni pa jikoni lake, huko Rangwe, akavunjika nyonga. Alipasuliwa, akatiwa chuma, na daktari hakumung'unya maneno: kila Alhamisi aende Homa Bay kufanyishwa mazoezi, la sivyo mguu ule utakakamaa na hatatembea tena bila mkongojo. Huyu ni mwanamke aliyekuwa akienda kanisani kwao, kwa Wasabato, kwa miguu kila Jumamosi na kurudi akiimba. Mke wangu ni mwalimu, hawezi kuliacha darasa katikati ya wiki. Mimi nina duka la rangi, na rangi haiozi. Kazi ikawa yangu.

Mke wangu ni Mjaluo, mimi ni Mkuria. Mimi na mama yake huongea Kiswahili, lugha ambayo sote wawili tuliikuta shuleni na sokoni. Lakini kilichotutenga si lugha, ni heshima. Mama mkwe hazungumzi na mume wa bintiye habari za mwili wake, wala hamlalamikii. Kwetu pia mkwe ni mtu wa kuogopwa, kwa hiyo hakuna aliyehitaji kufundishwa. Neno "nyonga" halikuwahi kutamkwa kati yetu. Sisi tulisema "ile safari".

Alhamisi ya kwanza alikaa kiti cha nyuma, upande wa kushoto, mkoba mapajani, kimya. Ya pili vilevile. Kila nilipomrudisha kwake alisema, "Asante, ora," yaani mkwe wangu, kisha akaondoka polepole na mkongojo wake. Nilirudi Migori nikiwa nimevimba kichwa.

"Mama anaifurahia gari," nilimwambia mke wangu.

"Amesema hivyo?"

"Hajasema kitu. Kama kuna shida si angesema?"

Mke wangu alinitazama, akaendelea kusahihisha madaftari. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, lakini mimi nilikuwa nasikiliza sifa za vijana wa sokoni.

Alhamisi ya tatu ujumbe ulikuja kupitia kwa mke wangu: mama asichukuliwe, ana wageni wa kanisa. Ya nne, ana maharagwe ya kuanika. Maharagwe yenyewe nayajua, hayajazi sufuria moja. Nilikasirika. Nilisema nafunga duka, naendesha kutoka huku kote kupitia Rongo, halafu napewa sababu za maharagwe. Chini ya hasira kulikuwa na hofu, maana mguu haukuwa ukisubiri chochote, na majirani walikuwa wamemwambia mke wangu kwamba mama ameanza tena kukaa kutwa nzima.

Jumapili nilikuwa naosha gari kwa ndani. Kile kishikio kilicho juu ya mlango wa nyuma, upande wa kushoto, kiling'okea mkononi mwangu. Skrubu zilikuwa zimelegea hadi mwisho. Nikajaribu vingine vitatu, vyote imara. Nilisimama na kitambaa chenye maji, nikaelewa. Kila tuta na kila shimo kutoka Rangwe hadi Homa Bay, mama wa watu alikuwa amening'inia hapo kwa mikono miwili ili nyonga yake isiguse kiti, na mimi mbele nikipiga mluzi.

Nilimwomba mke wangu aendeshe mtaani mwetu, mimi nikae pale nyuma. Hakunihurumia. Tuta la kwanza lilinigonga hadi kwenye meno, na mimi nina nyonga mbili nzima. Niliona aibu kubwa, ile inayomfanya mtu atamani kukaripiwa ili yaishe.

Kesho yake nilikwenda kwa fundi wa matairi, mama mmoja wa makamo mwenye karakana karibu na stendi, mikono myeusi hadi viwikoni. Nilitaka anibadilishie shokomzoba, vile vyuma vya kumeza mishtuko ya barabara, kwa sababu bado nilikuwa natafuta njia ya kuziokoa rimu zangu. Alipima upepo kwanza, akatikisa kichwa.

"Hii umejaza kama ya lori ya miwa."

"Nilitaka rimu isikunjike kwa shimo."

"Ndio maana gari inaruka. Na hata nikitoa upepo, itasaidia kidogo tu." Aliweka vidole viwili kati ya rimu na lami, vikatosha. "Ona mpira imebaki. Rimu ikikuwa kubwa, mpira inakuwa kidogo, na ni mpira na upepo ndio inabeba mtu. Nyuma unabeba nani?"

"Mama mkwe. Alivunjika nyonga."

Akacheka hadi akajishika kiuno. "Wewe unatafuta sifa na unamalizia mzee wa watu mifupa."

Alifungua mlango wangu, akanionyesha karatasi ndogo iliyobandikwa kwenye nguzo ya mlango, ambayo sikuwahi kuisoma tangu ninunue gari. Ilikuwa na kila kitu: rimu ya inchi kumi na tano, tairi lenye ukuta mrefu, na kiasi cha upepo. Waliotengeneza gari walijua, mimi ndiye niliyejifanya mjuzi. Nilichagua matairi ya mtumba yaliyokuwa na meno mazuri; akayachoma kwa ukucha, ukucha haukuingia. "Hii imezeeka, imekauka. Itakuwa ngumu kama hizo zako." Akanisomea tarakimu nne ubavuni, zinazotaja wiki na mwaka tairi lilipotengenezwa, na yale matairi yalikuwa yamekwisha pita umri wa kuanza shule. Nikachukua mapya, laini, akayafunga kwenye zile rimu za chuma nilizokuwa nimezitupa stoo. Rimu nyeusi nilimwachia auze, nikaondoka bila kugeuka. Kijana mmoja sokoni aliniuliza kama gari ni la mwalimu mkuu. Nikaongeza mwendo.

Sasa ilibaki kumrudisha mama bila kumwaibisha. Singeweza kumwambia kwamba nimejua. Nikamtuma mke wangu aseme gari lilikuwa na ugonjwa, halikuwa likisema, na sasa limetibiwa. Mama akasema kwenye simu kwamba atajaribu mara moja tu.

Alhamisi aliingia, akakishika kishikio, ambacho nilikuwa nimekifunga upya, kabla hata sijawasha injini. Barabara ya udongo kutoka kwake tuliipita polepole. Gari lilizama kwenye mashimo na kuinuka bila kugonga. Nilikuwa nasikiliza kiti cha nyuma kuliko barabara. Tulipofika lami nikachungulia kwenye kioo: mkono ulikuwa umeshuka mapajani.

Mazoezi yalimchosha. Tukiwa njiani kurudi nilisikia sauti nzito, nikadhani ni beringi ya gurudumu imekufa. Nikazima redio. Mama mkwe wangu, ambaye hajawahi kunywa hata maji mbele yangu, alikuwa amelala kinywa wazi, akikoroma. Tulivuka matuta matatu hivyohivyo. Nilifurahi kuliko siku nilipofunga zile rimu, na nikaendesha nikiwa nimekaza macho mbele, kwa maana si vizuri kumtazama.

Aliamka tulipofika langoni kwake. Akaweka kitambaa chake cha kichwani sawa, akakohoa.

"Nilikuwa naomba," alisema.

"Najua, mama. Ndio maana nilizima redio."

Nilimfungulia mlango. Alishuka, akasimama wima kwanza, mkongojo bado uko mkononi bila kuegemewa. Nilingoja ile asante yake. Badala yake aliutazama ukuta wa nyumba na kuniuliza mimi mwenyewe, bila kumpitia mtu yeyote:

"Alhamisi ingine utakuja saa ngapi?"