Betri Moja ya Bi Radhia

Bi Radhia, mwalimu wa fizikia katika mji wa Ibra, Omani, hakuwa mtu wa maneno mengi. Lakini mwaka 1996, binti wa dada yake alipoolewa katika kijiji cha Birkat al Mauz, alitoa ahadi. Wanawake wangekaa kwenye bustani ya migomba, ambako umeme haukufika, na mama yake Radhia, Bi Tahira, angemsomea bibi arusi dua kwa sauti yake iliyokwisha kufifia. Radhia alisema wote watamsikia, kwa mashine ya kukuza sauti atakayoiunda mwenyewe.

"Kwa betri moja ya gari?" Kaka yake Musallam, fundi redio, alicheka. "Sauti ndani ya waya hupanda juu ya sifuri na kushuka chini yake, Radhia. Ikifika sifuri itashukia wapi? Kisimani?"

Kweli, jaribio la kwanza lilikwaruza. Nusu ya sauti ilikatika.

Radhia alifikiri siku mbili. Kama sauti haiwezi kushuka chini ya sifuri, basi na ianzie juu. Akaunga rizista mbili zilizolingana, vipande vya kuzuia umeme, baina ya ncha za betri, na katikati yao akapata volti sita, nusu ya kumi na mbili za betri. Sauti ikapata nafasi pande zote mbili. Kabla ya spika akatia kapasita, ipitishe sauti na kuzizuia zile volti zisiiunguze.

Siku ya arusi, dua ilifika mpaka kwa wapishi kwenye falaji, mfereji wa maji ya bustani, neno kwa neno.

"Radhia!" Musallam aliita kutoka nyuma ya ukuta, upande wa wanaume. "Umeinunua Maskat mashine hiyo?"

Bi Tahira alikuwa bado ameshika kipaza sauti.

"Kaiunda dada yako, mwanangu. Tena betri ni ya gari lako."

Vigelegele vikapigwa. Radhia, kwa mara ya kwanza, hakuinamisha macho.