Lumbesa Arobaini za Onesphory

Onesphory alikuwa dalali wa vitunguu kijijini Zombo, na hakuna aliyempenda. Kwao ni Munisagara, ambako babu yake aliletwa kufanya kazi ya reli na ukoo ukabaki hapohapo kulima. Yeye jembe alilikataa mapema. Akaendesha bodaboda Kilosa, akapiga debe stendi ya Mikumi, na pale stendi ndipo alipomnasa Alex, bosi wa malori yanayovuka mpaka wa kusini. Alex alitaka vitunguu. Onesphory akamwambia vipo, kabla hata hajajua vipo wapi.

Miaka sita alikula vizuri. Mkulima akileta gunia, Onesphory analipiga teke.

"Hili bado lina njaa."

Basi unaongeza, unaongeza, mpaka tumbo linatoka juu ya mdomo wa gunia kama mimba ya miezi tisa, unalifunga kwa wavu. Hiyo ndiyo lumbesa. Kila mtu anajua ni marufuku na kila mtu anajaza. Ukilalamika, anakwambia mpakani ndivyo wanavyotaka. Na mpakani kweli hakukuwa na maneno: nchi zote mbili zilikuwa jumuiya moja, unaonyesha cheti kwamba mzigo ni wa Tanzania, wanahesabu magunia, unapita.

Halafu wale jirani wakajitoa kwenye jumuiya. Rais wao alipita kwenye kampeni akisema jumuiya inawanyonya, na watu wakampa kura. Wakubwa wa huku wakajibu kwa kuzuia bidhaa zao. Wakatunishiana misuli redioni wiki tatu nzima, na Zombo watu walisikiliza kama mpira wa timu wasizozijua.

Lori lenye lumbesa arobaini za Onesphory lilifika mpakani likakuta cheti kimekuwa karatasi ya kufungia maandazi. Sasa ushuru ni kwa kilo, kila gunia linapanda mzani. Lori likakwama siku nne, likarudi Mikumi linanuka. Alex akapiga simu. Alianza na matusi, akamalizia na amri: magunia yafunguliwe, yajazwe upya kilo mia, yashonwe flati, bila tumbo juu, na mzigo mwingine kama huo uwe umepakiwa kufika Jumamosi. La sivyo anatafuta dalali mwingine.

Hapo Onesphory akafanya ujinga. Angeweza kuyafungua hukohuko Mikumi, nyuma ya gereji, nani angejua? Lakini alitaka wakulima washushe bei ya mzigo mpya, akaona bora hasara waione kwa macho yao. Akalipeleka lori Zombo siku ya gulio, akaazima mzani, akatandika turubai.

Alimwamkia kwanza Hildegarda, mjane anayelima ekari mbili kando ya mto, ambaye akikataa jambo wenzake nao wanakataa. Marahaba ilitoka kavu. Onesphory akaeleza habari za jirani na ushuru, akasema tumeumia wote, bei lazima ishuke. Kisha magunia yakafunguliwa. Vilivyooza vikatupwa, vizima vikapimwa, na yeye mwenyewe akashika sindano akawa anashona, jasho linamtoka, aonekane mwenzao.

Magunia arobaini yakajaa. Juu ya turubai bado kulikuwa na kichuguu cha vitunguu. Wakajaza mengine kumi.

Hildegarda alikuwa anahesabu.

"Tulikuuzia arobaini," alisema. "Yametoka hamsini, na vilivyooza tumemwaga. Haya kumi ni ya nani?"

Onesphory akasema ndiyo utaratibu wa biashara, hata Ulaya wanajaza hivyohivyo, na anayetaka lumbesa ni Alex, si yeye.

"Kwa hiyo hiyo mimba ni ya Alex?" akauliza Goodhope, mpakiaji mwenye mdomo mchafu.

Watu wakacheka, kile kicheko cha kumvua mtu nguo.

Hildegarda hakucheka. Akasema hakuna kitunguu kitakachopanda lori mpaka apewe namba ya huyo Alex. Onesphory akamkumbusha kwamba vitunguu vyao vya mabandani navyo vitaoza.

"Vioze. Vitakuwa vimeoza vyetu."

Namba ile Onesphory aliificha miaka yote sita. Kwenye simu yake iliandikwa Fundi Redio. Akaitaja polepole, na tarakimu ya mwisho akaibadilisha. Hildegarda akapiga, akapokea mwanamke mmoja aliyeuliza mnataka nani. Dereva wa lori, aliyechoka kusubiri, akachungulia dirishani, akaitaja namba ya bosi wake kwa kichwa. Siku zote alikuwa nayo. Hakuna aliyewahi kumuuliza.

Simu ikapokelewa, sauti ikawekwa kubwa. Hildegarda akajitambulisha, akasema mzigo upo, flati, kilo mia juu ya mzani, na bei watapanga naye wenyewe, bila dalali. Alex akauliza Onesphory yuko wapi.

Hildegarda akamtazama. Sindano ilikuwa bado mkononi.

"Yupo hapa anashona."

"Mwache amalizie," akasema Alex. "Haya mama, niambie, gunia moja unataka shilingi ngapi?"