Siku Tulipong'oa Bomba la Motokaa

Mimi motokaa sikuipenda tangu siku ya kwanza, na mpaka leo siipendi. Mume wangu aliiendesha kwa Mjerumani mmoja mwenye shamba la kahawa Tengeru, enzi ambazo watu wakiisikia walikimbilia migombani na watoto wao. Ilinguruma vibaya mno! Mke wa huyo Bwana ikawa inamuumiza kichwa, na Bwana akamwambia mume wangu kwamba akiisikia tena ikinguruma, atamchapa kiboko hamsa ishirini, yaani mara ishirini na tano. Hakuwa mtu wa maneno matupu. Jirani yetu alilala kifudifudi wiki nzima kwa kosa la kuvunja jembe.

Basi mume wangu akaenda kwa mhunzi, akatengenezewa bomba jingine la moshi, refu na jembamba, lenye kopo la kuzuia sauti. Mama yangu alikuwa Mwarusha, na kwao kitu kilichotoka mkononi mwa mhunzi hakishikwi hivihivi, sharti kipakwe mafuta kwanza. Akalipaka mafuta ya kondoo nje na ndani, kwa wema wake wote.

Bomba lilifungwa asubuhi ileile mwanangu alipozidiwa. Kifua kilikuwa kimembana, anavuta hewa kwa shida, mbavu zinaingia ndani. Mume wangu alitumwa kuchukua magunia ya kahawa juu mlimani, akatupakia sisi tukatibiwe misheni, Nkoaranga. Tukapita mbele ya Bwana kimyakimya. Hata mkono alitupungia!

Tulipoanza kupanda, nikasikia harufu ya nyama choma. Nageuka, moshi mweupe umetanda nyuma yetu.

"Yesu wangu, tunaungua!"

"Tulia, mama. Ni mafuta ya mama yako hayo. Yataisha."

Kweli yakaisha, lakini nguvu haikurudi. Kadiri alivyokanyaga ndivyo motokaa ilivyokohoa, mwisho ikazimika na kuanza kurudi nyuma, korongo liko pale pale. Akaruka, akaweka jiwe kwenye gurudumu.

"Bomba ni jembamba mno," akasema. "Moshi hauna pa kutokea, unarudi kwenye injini."

Midomo ya mtoto ilikuwa imeanza kuwa myeusi. Niliogopa, jamani, niliogopa mpaka machozi yalikataa kutoka. Kwa miguu tungefika jioni, na jioni mtoto yule asingekuwepo.

Mume wangu akatazama chini, kwenye bati la nyumba ya Bwana lililokuwa likimetameta katikati ya kahawa.

"Atasikia," nikasema.

"Atasikia," akajibu, akachukua nyundo.

Aliligonga bomba mpaka likaanguka. Motokaa ilipowaka, ndege wote waliruka kutoka mitini. Ikapanda, mwenzangu, ikapanda kama vile mlima haupo! Mimi nimemkumbatia mwanangu, namwita, namsihi asinifanyie hivyo.

Misheni walimpokea mikononi mwangu. Jua lilipoinama alikuwa anapumua, na akaomba maji. Mume wangu akamshika kisogo, akamnywesha mwenyewe, kisha akavaa kofia yake. Nikamwambia tukimbie, twende kwa wajomba zangu.

"Wataifuata motokaa yao, watatukuta," akasema. "Kaa na mtoto."

Nilisimama mlangoni nikausikiliza ule mngurumo ukishuka mlima, bonde kwa bonde, mpaka ukazimika. Nilijua umezimikia mlangoni kwa Bwana, nikarudi ndani nikakaa na mtoto.