Nilisema "msijisumbue", jina la mume wangu likaachwa

...na sio kwamba ananipiga, hapana, kama wengine mlivyodhani kwenye komenti yangu ya juzi. Dada admin, naomba ufiche jina langu. Nina miaka ishirini na mbili, nimeishia kidato cha nne, naishi Makurunge huku Bagamoyo, na ndoa yangu ina miezi mitano. Wapendwa, nimeolewa na mwanaume ambaye akiniita "mke wangu" mbele za watu nasikia raha mpaka kwenye vidole. Naandika nikilia kwa sababu nimemuumiza, na hajui kama ni mimi.

Mume wangu ni fundi wa pampu na mabomba ya umwagiliaji. Chuo hakusoma. Lakini kuna programu ya kompyuta ya kupigia hesabu za mabomba: bomba liwe nene kiasi gani, pampu iwe na nguvu gani. Haiuzwi. Iko wazi, mtu yeyote duniani anaweza kuifungua, akaona ilivyoandikwa ndani na kuirekebisha. Watafiti wa chuo kikuu kimoja Dar wanaiongoza, na wanaojitolea kama mume wangu wanaijaribu na kuisahihisha. Yeye ndiye aliyegundua kwamba inakosea kwenye mabomba chakavu yaliyoliwa na maji ya chumvi. Fungate letu tulilimalizia mashambani, mimi nimeshika ndoo chini ya bomba, yeye na saa mkononi anahesabu sekunde. Ndoo ikijaa ananiambia, "Hiyo namba ni yako, mrembo." Kuna mke gani amepewa zawadi kama hiyo?

Ijumaa moja alikwenda kuswali akaacha simu kwenye chaji. Ikaita, nikaona ni Dokta anayeongoza kazi yao.

"Shikamoo, Dokta."

"Marahaba, shemeji. Namtafuta siku ya pili hapatikani. Leo tunafunga orodha ya waandishi wa makala yetu ya utafiti kuhusu hii programu, na sijampata nimuulize kama anataka jina lake liwemo."

Nikajibu kama nilivyolelewa. Kwetu pwani ukikaribishwa chakula unasema nimeshiba, mwenyeji anakushika mkono, unakataa tena, anakuvuta, ndipo unakaa. Nikasema, "Aa, Dokta, msijisumbue. Yeye anajitolea tu." Nikasubiri anivute. Dokta ni mtu wa bara. Akasema, "Basi sawa, nashukuru," akakata.

Mume wangu aliporudi nikamwambia Dokta anakusalimu. Nilidhani atapiga tena. Wallahi nilidhani hivyo.

Makala ilipotoka, aliifungulia dukani anakonunua mabomba, furaha imemjaa. Mwenye duka, mtani wake mkubwa, akapitia majina yote kwa kidole. "Injinia, nimefika mwisho sijakuona. Au umejificha ndani ya bomba?" Watu wakacheka. Namba zetu za ndoo zilikuwemo zote. Jina lake halikuwemo.

Hakugomba na mtu. Alirudi, akaifunika kompyuta kwa kanga yangu, na leo ni wiki ya tatu hajaigusa. Wenzake wa kujitolea wanamwandikia kutoka nchi za mbali, wamekwama kwenye sehemu ile ile ya mabomba chakavu, hajibu. Nilipomwambia ampigie Dokta amuulize, alisema, "Jina haliombwi. Wamenitumia kwa sababu sikusoma." Kisha akalaza kichwa mapajani mwangu. "Afadhali wewe. Wewe peke yako hujanificha kitu."

Nilimpapasa nywele, nikamuuliza kama nimpakulie chakula.

Juzi nimempigia Dokta kwa siri, nikamweleza yote. Alishtuka. "Shemeji, mimi nilijua ndilo jibu lake mwenyewe!" Ameahidi kuomba makala isahihishwe jina liingie, na anataka kuja kumtaka radhi ana kwa ana. Lakini amesema wazi kwamba akiulizwa ilikuwaje, hatadanganya.

Nikisema, mume wangu atabaki na nani wa kumwamini? Nikinyamaza, atasikia kwa mgeni, sebuleni kwake. Nyinyi mliokwisha kukaa kwenye ndoa, nishaurini: mtu anaanzia neno gani? Maana Dokta nimeshamjibu. Nimemwambia karibu, uje kabla mwezi huu haujaisha, na siku utakayobisha hodi mume wangu atakuwa ameshasikia kwa mdomo wangu.